Wingi wa mapigo ndio ubora wa mfumo wa mapigano? Mimi napinga

Wadau, kila gemu za mapigano zikilinganishwa, hoja inayorudi ni ileile: yenye mapigo mengi ndiyo bora. Watu wanahesabu kombo (mapigo yanayounganishwa mfululizo), wanahesabu silaha, kisha hukumu inatoka. Tuipime hoja hii kwa gemu mbili zilizotoka mwezi mmoja, Machi 2019: Devil May Cry 5 (DMC5) ya Capcom na Sekiro: Shadows Die Twice ya FromSoftware.

Kwa kuhesabu tu, Sekiro haifui dafu. Upanga mkuu ni mmoja mwanzo hadi mwisho, ukiongezewa vifaa vya mkono wa bandia. Dante, mmoja wa mashujaa unaowachezesha kwenye DMC5, ana mitindo minne anayoibadilisha katikati ya pigano, na kila silaha ina mapigo yake.

Sasa nenda ukasimame mbele ya Genichiro, mmoja wa maadui wakubwa wa Sekiro, juu ya ngome ya Ashina. Akiruka na kukushukia, mara nyingi alama nyekundu inawaka, na hapo anaweza kukuchoma kwa ncha ya upanga au kukufyeka miguu. Alama haitofautishi. Mchomo unaukanyaga, mfyeko unauruka, ukichanganya, umekwisha. Nilikufa pale mara nyingi, hadi nikaacha kuitazama ile alama na kuanza kuutazama mkono wake. Halafu kuna msimamo, yaani kipimo cha uthabiti wa adui kilicho mbali na uhai wake: ukikinga upanga wake kwa wakati sahihi, msimamo wake unayumba, na ukivunjika unampa pigo la mauti hata kama uhai wake haujaisha. Ila akiwa bado na uhai mwingi, msimamo unajijenga upya haraka, kwa hiyo huwezi kukaa unakinga tu. Kitufe kimoja cha kukinga kina kazi kuliko kombo kumi ninazozijua kwingine.

Mashabiki wa DMC5 wana jibu zuri, na nalikubali kwa sehemu. Gemu ile inakupa daraja la umahiri, kutoka D hadi SSS, na ukirudia pigo lilelile daraja halipandi vizuri. Kwa hiyo mapigo mengi yamepewa sababu ya kuwepo. Lakini daraja ni sifa. Adui wa kawaida anakufa hata ukimpiga kwa mapigo mawili matatu unayoyapenda, na utafika mwisho wa hadithi bila kugusa nusu ya mapigo uliyonunua ndani ya gemu. Kina kipo, ila mchezaji ndiye anayeamua kukitafuta. Sekiro haikupi hiari hiyo.

Ndiyo maana naona tuache kuhesabu mapigo, tuhesabu maamuzi ambayo adui anakulazimisha kufanya. Kwenye DMC5 namkumbuka Fury, yule adui mwenye kasi anayetoweka na kutokea, ambaye inabidi umpige pale pale anaposhambulia. Yule alinibadilisha uchezaji. Mnaotetea wingi, nitajieni wengine wa aina yake, na mseme ni pigo gani hasa walilowalazimisha kulijua.