Mjadala: Mifupa ya watu wetu ikadiriwe kwa fomula za Wamarekani mpaka lini?

Wadau, naleta hoja hii nikijua itapingwa: tutengeneze fomula zetu wenyewe za kukadiria urefu na jinsia ya marehemu kwa kupima mifupa yake. Mifupa ya mtu ikiokotwa porini, iwe Chunya au bonde la Usangu, wapo wanaosema: ya nini kuhangaika na kupima mifupa? Vinasaba (DNA) vipo, Mkemia Mkuu wa Serikali yupo, pelekeni sampuli. Mimi naona huko ni kuruka hatua.

Vinasaba vinataka ndugu wa kulinganisha naye. Mifupa isiyo na jina utailinganisha na nani? Lazima kwanza orodha ya waliopotea ichujwe: mwanamume au mwanamke, mrefu au mfupi. Nyonga na fupa la paja ndivyo vinavyotoa majibu hayo, na hapo ndipo tunapoumia.

Fomula za urefu zinazotumika sana ni za watafiti wa Marekani, Trotter na Gleser, za mwaka 1952, waliopima mifupa ya Wamarekani, wakiwemo askari waliokufa katika Vita Kuu ya Pili. Chukua fupa la paja la sm 45. Fomula ya wanaume weupe inasema marehemu alikuwa na sm 168.5; ya wanaume weusi wa hukohuko Marekani inasema sm 165.3. Fupa ni lilelile! Na kila jibu linaweza kupishana na ukweli kwa sm 3 au 4, wakati mwingine zaidi. Sasa lete fomula hizo Iringa, ambako utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta karibu watoto 57 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu hula miguu kuliko kiwiliwili, kwa hiyo fupa la paja linaweza kumfanya marehemu aonekane mfupi kuliko alivyokuwa.

Kwenye jinsia, nyonga ikiwa nzima, hasa mfupa wa kinena, jibu ni la kuaminika. Lakini fisi wakishapita, mara nyingi kinachobaki ni kipande cha paja. Vipimo vya Marekani vinasema kipenyo cha kichwa cha fupa hilo, ile ncha ya mviringo inayoingia kwenye nyonga, kikizidi mm 47.5 ni mwanamume, kikipungua mm 42.5 ni mwanamke. Mwanamume wetu mwenye umbo dogo, mm 42, ataandikwa mwanamke, na familia inayomtafuta kijana wao haitaitwa. (Kwa mtoto ambaye hajabalehe, anayetaja jinsia kwa kutazama mifupa anabahatisha tu.)

Wahehe mtanikumbusha fuvu la mtemi wenu Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani. Mwaka 1953 Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilichagua kati ya mafuvu ya makumbusho kule Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya ndugu wa ukoo, likarudi Kalenga 1954. Vipimo vilichuja, havikuthibitisha, na ubishi haujaisha.

Najua pia kwamba kupima mifupa kunawachoma wazee wetu, maana wakoloni walibeba vichwa vya watu bila kuuliza. Ndiyo maana sigusi makaburi. Mgonjwa anayepigwa picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya nyonga na mapaja katika hospitali ya rufaa aombwe ridhaa, apimwe urefu akiwa amesimama, takwimu zitunzwe bila jina. Tukipata watu wa kutosha kutoka Mbeya, Njombe na Iringa, fomula yetu itapatikana.

Mnaopinga, nijibuni hili: mifupa ikiokotwa kesho huko kwenu, familia ipi itaitwa kwanza kutoa sampuli, na mtaichagua kwa kigezo gani?