Canter ikianza kumisi, fundi anakimbilia kufungua pampu: huku ni kuwamaliza wenye magari

Wakuu, ninalalamikia mtindo uliozoeleka katika gereji zetu za malori. Injini ya dizeli ikianza kumisi, yaani silinda moja au zaidi haiunguzi dizeli sawasawa, fundi hatafuti ni silinda ipi iliyokufa, bali anatangaza hapohapo kwamba pampu ya dizeli imechoka, na pampu isipomaliza tatizo anahamia kwenye ovaholi, yaani kufungua injini na kubadilisha vya ndani, huku mwenye gari akilipia kila kisio.

Gari langu ni Canter ya zamani yenye injini ya 4D33, silinda nne, lita 4.2, yenye pampu ya kawaida isiyotegemea kompyuta. Asubuhi ilikuwa ikitetemeka bila kukanyagwa mafuta na kutoa moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi. Moshi huo peke yake ulikuwa ushahidi kwamba dizeli inafika ndani ya silinda lakini haiungui. Ungekuwa wa bluu tungezungumzia oili inayopita kwenye ringi za pistoni au valvu, na ungekuwa mweusi tungeanza na filta ya hewa. Hakuna aliyeutazama.

Kipimo cha kwanza kinahitaji spana ya 17 na masikio. Ukishahakikisha kwamba filta ya dizeli ni safi na njia ya kutoka kwenye tangi haivuti hewa, unawasha injini, unalegeza kidogo nati ya paipu ya presha kwenye nozeli (kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda) ya silinda ya kwanza, unasikiliza, unaikaza, kisha unaifuata ya pili. Mlio ukibadilika na injini ikazidi kuyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Mlio usipobadilika, umeshaipata iliyokufa. Uso na mikono vikae mbali na paipu, kwa sababu dizeli ya presha hupenya ngozi, na injini za komoni reli, zile za kisasa zenye presha kubwa zaidi inayoongozwa na kompyuta, zisiguswe kabisa kwa njia hii. Baada ya hapo unahamishia nozeli ya silinda hiyo kwenye silinda ya jirani: ubovu ukiifuata nozeli, jibu unalo, ukibaki palepale, unakagua uwazi wa valvu, unapima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), na pampu inakuja mwisho.

Gereji niliyoiamini ilianzia mwisho. Pampu iling'olewa, ikafunguliwa juu ya gunia, ikarudishwa bila kupandishwa kwenye mashine ya kupimia. Injini ikaendelea kumisi. Hedi, kifuniko cha juu cha injini, ikanyanyuliwa, gasketi na ringi zikabadilishwa, nikalipa tena, na injini ikaendelea kumisi vilevile.

Fundi mwingine, mtu mzima asiye na maneno mengi, ndiye aliyelegeza nati moja baada ya nyingine, na alipofika silinda ya tatu mlio haukubadilika. Nozeli yake ilipofungwa kwenye kipimo cha mkono, badala ya kutoa ukungu mwembamba ilidondosha matone kwenye ncha kabla presha ya kufungukia haijafika. Ndani ya tundu lake kulikuwa na washa mbili za shaba zilizobebana, ile ya zamani haikuwahi kutolewa, na masizi yamezunguka pote. Nozeli inayodondosha huosha oili kwenye ukuta wa silinda na inaweza kutoboa kichwa cha pistoni, maana yake ni kwamba hata ringi mpya nilizouziwa zilikuwa zinaharibiwa na ubovu ambao waliuacha mahali pake!

Sasa silinda ya tatu inafanya kazi, lakini gari likipanda mlima na mzigo linatoa moshi mweusi ambao halikuwa nao kabla pampu haijaguswa. Gereji ile inasema fedha hairudi kwa sababu kazi ilifanyika. Kazi ipi, ikiwa kilichonipeleka kwao hakikutafutwa kamwe?

Sasa nataka pampu hiyo ipimwe. Anayemfahamu fundi pampu wa Dar es Salaam au Morogoro mwenye mashine ya kupimia, anayempa mteja karatasi ya kiasi cha dizeli kinachotoka kwenye kila elementi (sehemu ya pampu inayosukuma dizeli ya silinda moja), amtaje hapa pamoja na bei yake.