Naomba ushauri: kupeleka shuhuda za wakimbizi Geneva bila kuwaponza ndugu zao

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni kamati ya haki na amani ya parokia, Kasulu. Tunakusanya shuhuda za Warundi wa kambi ya Nyarugusu walioandamwa kwao kwa sababu ya imani, ili zifike Geneva kwa Ripota Maalumu wa UN kuhusu Burundi (mtaalamu huru anayefuatilia haki za binadamu nchini humo), nafasi iliyoundwa mwaka 2021.

Kinachotukwamisha ni ridhaa. Ripota akiiandikia serikali barua ya tuhuma, huipa siku 60 kujibu, kisha barua huwekwa hadharani. Hata jina likifichwa, tarehe, kilima (kama kitongoji, kwa Burundi) na cheo cha kanisani (katekista, kiongozi wa kwaya) vinatosha kumtambulisha mtu, na mama yake bado anaishi kilima kilekile. Hilo linatunyima usingizi.

Shuhuda tumezipa namba, na daftari la majina limefungiwa mbali nazo. Picha tunazifutia data za mahali, maana zikitumwa WhatsApp kama faili, data hizo hubaki.

Je, ridhaa ya shahidi inatosha, au tutafute na ya jamaa aliyebaki, wakati kumpigia simu tu kunaweza kumponza? Na kwa kisa cha miaka mingi nyuma, tuombe barua ya tuhuma au kiingie tu kwenye ripoti ya jumla?