Kijana, mama yake, na swali nisiloweza kuuliza

Nesi wa Usiku, Busia
Wenzangu, naomba ushauri. Niko idara ya dharura upande huu wa Uganda, usiku tuko wawili tu. Juzi boda alituletea kijana wa miaka 16, tumbo linamuuma. Mara ya tatu mwezi huu. Malaria hana, tumbo laini. Mama kakaa naye ubavuni. Nikamuuliza, "Una mawazo?" Akasema hapana, macho chini. Mama alipotoka kununua kanula, sindano ya dripu (zetu zilikuwa zimeisha), akaninong'oneza: "Sista, naona nyumbani wangepumua nisingekuwepo." Hapo hapo wakaingizwa majeruhi wa ajali. Niliporudi, kitanda kitupu.

Nasikia kuna maswali manne ya kupima hatari ya kujiua. Lakini nikiuliza, si nitamtia hilo wazo kichwani?

Kliniko Mzee
Hapana, dada. Hilo limechunguzwa sana: kuuliza hakupandi wazo. Wengi hushusha pumzi kama waliotuliwa mtungi.

Hayo ni ASQ, kutoka taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, 2012. Yanawafaa vijana kama huyo wako, yanachukua kama sekunde 20. Wiki chache zilizopita umetamani uwe umekufa? Umeona wewe au familia yako mngekuwa na nafuu kama ungekufa? Wiki iliyopita umewaza kujiua? Umewahi kujaribu? Akisema ndiyo hata kwa moja, au akikataa kujibu, uliza la tano: unawaza kujiua sasa hivi? Akisema ndiyo hapo, haachwi peke yake hata kwenda choo.

Kijana wako alishajibu la pili kabla hujamuuliza. Na "una mawazo" achana nalo. Kwetu mawazo ni hata karo. Taja neno lenyewe, kujiua.

Jirani wa Malaba
Mimi si daktari, ila mnamsahau mama. Ndugu yangu alipolazwa baada ya kujaribu kujiua tulisema kaanguka, kwa kuogopa polisi. Kenya mahakama kuu ilifuta kosa hilo Januari 2025. Huku kwetu Uganda kujaribu kujiua bado ni jinai. Nani atajibu swali la nne mbele ya watu?

Kliniko Mzee
Kweli, ndiyo maana haliulizwi mbele ya watu. Kuwaza si kosa. Mwambie mama, "Mzazi, vijana wote tunaongea nao peke yao kidogo," kisha mtume akamalizie kadi ya hospitali. Mimi huwatuma hata kama kadi imekamilika, Mungu anisamehe.

Nesi wa Usiku, Busia
Namba ya mama nimeikuta kwenye daftari. Kapokea akidhani namdai. Kijana yuko kwa shangazi yake, wanakuja leo jioni, na mtaalamu wa afya ya akili atakuwepo. Mpaka hapo asiachwe peke yake, na dawa za shamba zimehamishiwa kwa jirani, chini ya kufuli. Kadi nitamtuma mimi.