Ukerewe (UK): waifu karudishwa kituoni na paspoti yake mkononi, halafu kata imeamuliwa kwa kura 9

Wakuu salaam. Mimi sio mtu wa kuanzisha nyuzi, miaka yote nimekuwa msomaji tu, napita nacheka nalala, ila hili limenikaa kooni toka juzi alhamisi na nisipolitema leo nitaamka nalo tena kesho.

Niko wilaya moja huku Uingereza, sitaitaja maana mji wenyewe mdogo na Waswahili tunajuana wote, nikisema mtaa tu tayari mshanijua. Alhamisi tarehe 2 mei 2024 kulikuwa na uchaguzi wa madiwani wa halmashauri ya wilaya. Huku kwetu hawachagui wote kwa mpigo, wanachagua theluthi mwaka huu, theluthi mwaka ujao, hivyo hivyo, kwa hiyo kata yetu ilikuwa inatafuta diwani mmoja. Kulikuwa na karatasi ya pili ya kamishna wa polisi, hiyo tuiache.

Kwa ambao hawajui, na nimegundua ni wengi mpaka wanaoishi hapa hapa, sisi wa Bongo, Kenya, Uganda, Rwanda ukiwa na viza yako halali unaruhusiwa kupiga kura England bila kuwa raia, kisa Jumuiya ya Madola. Na hii ina vituko vyake. Rwanda kaingia Madola 2009 tu na Mwingereza hajawahi kumtawala, lakini dogo wa Kigali aliyetua septemba na begi lake la shule anapiga kura, wakati mshkaji wangu Mkongo wa Bukavu, miaka kumi na tano yuko hapa na makazi ya kudumu anayo, kodi ya kaunsili anakatwa kila mwezi, hamchagui hata diwani wa mapipa ya taka mpaka achukue uraia. Sawa, sheria yao, wameitunga wenyewe. Sasa kama mmeitunga wenyewe mbona hamuijui??

Stori yenyewe. Waifu anafanya kazi nyumba ya wazee, alhamisi alikuwa na shifti ndefu, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili na nusu usiku. Vituo vinafunguliwa saa moja kamili asubuhi, tukapanga tuwe wa kwanza kwanza halafu yeye akimbilie basi la saa moja na dakika 25. Kituo chetu ni ukumbi wa kanisa, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Tumefika saa moja na dakika mbili, mvua ya rasharasha, ndani wako watatu tu, makarani wawili na msimamizi wao, vibanda vya mbao na penseli imefungwa kamba kama ng'ombe.

Natoa paspoti yangu, maana lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Karani, mama mmoja mtu mzima, anaigeuza nje ndani nje, anasoma jalada kama mtu anayesoma karatasi ya dawa, rula yake ameshaiweka juu ya jina langu kwenye daftari tayari kulikata, halafu anaitoa. Akaniambia "pole mpenzi, tunachukua ya Uingereza tu." Mpenzi huku ni kila mtu msije mkaanza. Nikamwambia mama, za nchi za Madola zinakubalika, na karatasi yenye orodha si hiyo hapo ukutani nyuma yako. Akageuka akaiangalia, akanirudia, "ndio lakini hiyo ni Australia na Kanada." AISEE. Nilihisi damu imepanda mpaka masikioni. Yaani Madola kwake ni wale wanaofanana naye, sisi wengine tulikuwa tunacheza ile michezo yao kama mapambo.

Tukamsubiri msimamizi amalize kubandika mabango nje, akaja, akafungua kitabu chake, akasoma kidole kwa kidole, akasema sawa huyu apige. Dakika 9 zimeenda. Nikapiga.

Zamu ya waifu. Paspoti ya Tanzania hiyo hiyo, wameshaona inakubalika, sasa imekuwa imeisha muda tangu januari. Karani akafurahi kabisa, mtu amepata kosa sasa. "Hii imeekspaya." Nikamwambia sheria inasema hata ikiwa imeekspaya ilimradi sura kwenye picha bado ni yako, na hii sura ni yake, mwangalie. Msimamizi naye akashika kidevu, akasema hana uhakika, apige simu halmashauri. Simu inaita. Inaita. Waifu anaangalia saa, ananiangalia mimi, anaangalia saa. Kule kazini akichelewa, mwenzake wa usiku hawezi kuondoka, na yule mwenzake ana watoto wa kupeleka shule. Akachukua paspoti yake mezani akaniambia "baba Imani, acha, nitarudi jioni" akatoka. Kwa kutembea haraka haraka kwenye mvua.

Dakika nne baadae simu ikapokelewa. Msimamizi anakuja anatabasamu, "ndio, inaruhusiwa, anaweza kurudi muda wowote." Muda wowote!! Mtu ana shifti ya masaa kumi na mbili na nusu. Nilitaka kusema neno la Kiswahili moja zuri tu nikalimeza, tulikuwa kanisani.

Jioni sasa. Katoka kazini saa mbili na nusu, kukabidhi zamu kukavuta kwa sababu bibi mmoja alianguka, basi la kule usiku ni moja kwa saa, akashuka kituo cha kanisani saa nne na dakika nne. Mlango unafungwa saa nne kamili, ukiwa kwenye foleni saa nne unapiga, ukija baada ya hapo hupigi. Nilikuwa nimemsubiri pale nje. Taa za ukumbi zinawaka, kupitia dirishani namuona yule yule mama anafungua kamba za penseli moja moja anazitia kwenye boksi la plastiki. Waifu akasimama dakika nzima anamwangalia, hakugonga hata dirisha. Nyumbani akala wali wa baridi akalala.

Ijumaa wakahesabu. Kata yetu aliyeshinda kashinda kwa kura 9.

Najua kuna mtu ataniambia 9 sio 1. Najua hesabu. Swali langu ni wangapi wamerudishwa hivyo hivyo siku nzima na yule mama na rula yake, maana mie nilibishana, mwingine ataomba radhi na kuondoka. Mei 2023 ndio mara ya kwanza England nzima kudai kitambulisho chenye picha kwenye uchaguzi wa namna hii, kabla ya hapo ulikuwa unataja jina na anwani basi, na tume yao ya uchaguzi wenyewe ilisema kama watu 14,000 walienda vituoni wakarudishwa wasipige. Na juzi hiyo hiyo alhamisi Boris Johnson, ambaye serikali yake ndio iliyoleta hiyo sheria, karudishwa kituoni South Oxfordshire hana kitambulisho! Yeye akaenda akarudi akapiga. Yeye hana shifti.

Na mnaosema diwani wa wilaya ana faida gani, njooni kwangu muone ukungu ukutani chumba cha mtoto, mweusi kama masizi ya kibatari, nafuta jumamosi, jumamosi inayofuata umerudi. Mwenye nyumba ni halmashauri ya wilaya. Vipeperushi vitano nimeletewa mlangoni, vyote mashimo ya barabarani, mashimo, mashimo, mgombea kainama anaonyesha shimo kwa kidole, na barabara ni kazi ya kaunti sio wilaya! Mmoja tu ndio aliandika habari ya nyumba zenye unyevu. Ndio huyo kashindwa kwa kura 9.

Halafu sisi wenyewe sasa. Grupu letu la WhatsApp la mji huu, wa kata yangu nimewahesabu 17, wote wana haki ya kupiga. Waliokwenda ni wanne pamoja na mimi. Wengine "mambo ya wazungu hayo mkuu", "mimi nabeba box tu nirudi nikajenge". Unajenga mwaka wa kumi na mbili sasa na mtoto wako anakohoa kwenye nyumba ile ile yenye ukungu kama wangu. Siku ya kupandishiwa kodi ya kaunsili ndio mnatuma voisi za dakika tano. Nimewaandikia hivyo hivyo kwenye grupu, admini kanitoa. Poa tu.

Malalamiko nimeshayatuma halmashauri kwa imeili, nimejibiwa na mashine kwamba wanathamini maoni yangu.

NYONGEZA: naona mnauliza kwanini hakutoa kadi yake ya ukaazi. Ilikuwa nyumbani kwenye droo, kwenda na kurudi dakika 20, basi lingekuwa limeshapita. Na aliyesema mwakani apige kwa posta, asante mkuu, nimeanza kumjazia fomu ya mtandaoni jana usiku, imegoma kwenye sahihi. Inataka asaini kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe upige picha. Kasaini mara sita, mara ya saba kakataa kaenda kulala. Aliyewahi kufanikiwa aniambie alitumia simu gani maana hii yangu kila nikipandisha picha inazingua.