Filamu ya kutisha yenye mizaha: tuogope au tucheke?

Swali, kutoka Mwanjelwa:
Ndugu zangu, juzi tulitazama Shaun of the Dead, filamu ya Uingereza ya mwaka 2004, katika kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video mtaani, ambako mtafsiri aliongeza mizaha yake hata pale wafu walipokuwa wakimrarua mtu, nami nikatoka nisijue kama niliogopa au nilicheka tu. Je, mizaha haiui hofu?

Jibu, kutoka Iringa:
Haiui, kaka, kwa sababu kicheko hukufanya ujisahau, na aliyejisahau hushtuka zaidi mlango unapovunjwa ghafla. Aliyeharibu ni mtafsiri wenu, aliyesema pale palipohitaji ukimya.

Jibu, kutoka Tukuyu:
Nakubali nusu. Mimi hutazama usiku, mvua ikipiga bati (na kwetu hainyeshi kidogo), na hapo hakuna mzaha unaosaidia.

Mwuliza swali:
Ahsanteni. Nitairudia bila mtafsiri.