Ushauri: Mfungwa anajua maisha yangu kuliko ninavyojua yake, nifanyeje?

AskariMpya_Ziwa
Wakuu habari za usiku. Naombeni ushauri, na kejeli wekeni pembeni kidogo maana wiki ya pili hii sina usingizi.

Mimi ni askari magereza wa kike, nina mwaka na miezi kadhaa tangu nitoke chuo cha Kiwira. Niko upande wa wanawake, gereza silitaji, kanda ya ziwa. Kuna mfungwa mmoja, mama wa makamo, kesi yake ni ya kughushi. Mstaarabu, msafi, anasali, hagombani na mtu. Mbele za watu ananiita afande na anachutama kama wenzake. Tukibaki peke yetu kwenye chumba cha ufumaji ananiita mwanangu.

Shida ni kwamba anajua mambo yangu mengi mno. Anajua mwanangu ana pumu. Anajua baba yake aliondoka. Anajua nilihama kota nikapanga mtaani. Sikumbuki kumwambia hata moja. Je, niombe kubadilishiwa zamu au nimkaushie tu? Nawasilisha.

Shangazi_Nyakato
Pole mwanangu. Ila huyo baba mtoto aliondokaje? Tuanzie hapo, maana mwanamke mwenye jeraha bichi hata kuku anamnusa.

Mzalendo_Kwanza
Tatizo la vijana wa leo mnaingia jeshini kutafuta mshahara, wito hamna. Zamani askari akipita mfungwa anatetemeka. Sasa mnaitana mwanangu. Aibu.

BwanaJelaMstaafu
Nimevaa gwanda miaka 31, nimestaafu na heshima yangu. Binti, mfungwa kukujua si ajabu, sote walitujua. Swali lako halisi hujaliuliza. Amekupa nini?

AskariMpya_Ziwa
Hajanipa kitu afande. Labda sweta tu. Wanafuma pale kama kazi ya kawaida, akafuma ya mtoto, rangi ya maziwa, vifungo vitatu. Nilimwambia hairuhusiwi, akasema basi ataifumua uzi urudi stoo, nikaona ni ukatili. Kilichonishangaza ni kwamba ilimkaa mtoto kama alipimwa, na mimi sijawahi kumwambia mtoto ana umri gani.

Mahabusu_Wa_Zamani
Ngoja nikwambie mimi niliyekuwa upande wa pili wa nondo. Nilikaa mahabusu miezi 14 kabla kesi haijafutwa, gereza moja la Dar. Nyie mna zamu ya saa chache halafu mnarudi kwenu. Sisi tuna saa 24 na hatuna runinga. Runinga yetu ni nyie.

Tulikuwa tunajua nani kaja na macho mekundu. Nani buti lake limechanika upande na halijashonwa mwezi wa pili. Nani anaongea na simu pale getini akidhani ukuta hauna masikio, "nitalipa tarehe 25, nivumilie". Nani anamsema mkubwa wake mbele yetu, huyo ndiye mtamu kuliko wote, maana tayari ameshatuweka upande wake bila kujua. Hukumwambia mtoto ana umri gani, ila uliwahi kumwambia mwenzako anaanza chekechea Januari, na pembeni kulikuwa na mtu anafagia.

Halafu hawaanzi na kubwa. Wanaanza na kitu ambacho ukikataa wewe ndiye unaonekana shetani: panadol moja, gazeti la juzi, saa ngapi sasa hivi. Ukitoa, hakuombi tena wiki nzima. Anakwambia tu kwa sauti ya chini, "afande, hili halitatoka kinywani mwangu". Hapo panadol imekwisha kazi. Kilichobaki ni siri, na siri ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Kwenye seli yetu walikuwa wanafanya wawili wawili. Mmoja anamtukana askari, mwingine anamtetea: "huyu msimguse, huyu ni mtu". Jioni wanagawana sigara.

AskariMpya_Ziwa
Yupo mmoja aliwahi kunitukana, na ni huyu mama aliyenitetea. Lakini jamani si kila wema ni mtego.

BwanaJelaMstaafu
Kweli si kila wema. Ila sweta haimnyimi mtu usingizi wiki mbili. Kingine?

Mzalendo_Kwanza
Kuna pesa hapo.

AskariMpya_Ziwa
Sawa. Agosti mtoto alizidiwa usiku, akahitaji mashine ya mvuke na dawa, mfukoni nina elfu nane. Asubuhi kazini nililia chooni. Mchana ikaingia laki moja na ishirini kwenye simu, jina silijui. Kesho yake akaniambia ni dada yake, na kwamba "mtoto hana kosa". Ule ni mkopo, si rushwa, na elfu arobaini nimesharudisha.

Sasa anaomba nimwingizie kiswaswadu, kile kisimu cha batani. Hakina hata intaneti. Binti yake anafanya mtihani wa kidato cha nne, anataka kumtia moyo tu. Sikumkubalia wala sikumkatalia. Kusema ukweli nimeshaona nimpelekee Jumapili, mara moja, tumalizane, halafu ndiyo niombe uhamisho. Hapo mtu ana tatizo gani?

Shangazi_Nyakato
Weeee.

Mbongo_Minnesota
Dada usipeleke. Mimi nafanya kazi hii hii huku Marekani, na kwenye mafunzo wanatusimulia mkasa wa gereza la Clinton, Dannemora, jimbo la New York, 2015. Askari mmoja alikuwa anapokea picha za kuchora kutoka kwa mfungwa, naye anampa upendeleo kidogo kidogo. Picha tu, kama sweta yako. Mama mmoja msimamizi wa karakana ya kushona akazoeana mno na wafungwa, akaficha misumeno ndani ya nyama ya kusaga iliyogandishwa, na yule askari ndiye aliyewapelekea hiyo nyama bila kujua kilichomo. Juni 6 watu wawili hawapo selini. Msako wiki tatu, mmoja kauawa kwa risasi, mwingine karudishwa. Mama alipewa kifungo cha kuanzia miaka miwili na miezi minne hadi miaka saba, askari miezi sita. Hakuna hata mmoja wao aliyeamka asubuhi akasema leo natorosha wauaji.

Jirani_wa_Ruiru
Hapa kwetu Kenya, gereza la Kamiti, Novemba 2021, wafungwa watatu wa ugaidi walitoka usiku, wakashikwa Kitui siku chache baadaye. Kamishna Jenerali akapigwa kalamu na maaskari wakashikwa. Usifikirie ni mambo ya sinema.

Chuga_Boy
Na Thabo Bester je? Alitoka gereza la Mangaung kule Afrika Kusini Mei 2022, akaacha maiti imeungua selini watu wakajua ni yeye. Akaja kudakwa hapa hapa Arusha Aprili 2023. Huenda nilishakaa naye meza moja tunasubiri nyama choma. Tangu siku ile kila mgeni mwenye hela nampiga picha kisirisiri.

Mbongo_Minnesota
Na wafanyakazi wa lile gereza walifikishwa mahakamani pia.

BwanaJelaMstaafu
Binti, mimi nilinaswa hivyo hivyo 1994. Mfungwa msomi alinisaidia kuandika barua ya kuomba mkopo wa baiskeli. Mwandiko safi, mkopo ukatoka. Baada ya mwezi akaniomba nimpelekee posta barua kwa mkewe, na mimi sikuifungua, nani afungue barua ya mtu na mkewe. Ilikuwa inamwelekeza mtu nyumba ya shahidi. Mungu alisaidia shahidi alikuwa amehama. Nilikwenda kwa mkubwa wangu mwenyewe, nikatwangwa adhabu, nikakosa cheo miaka minne. Cheo kilikuja baadaye.

Simu hiyo si ya binti wa kidato cha nne. Mtu wa kughushi anataka simu kwa kazi yake ile ile. Na hakuna "mara moja". Ukiingiza simu Jumapili, Jumatatu ana mkopo wako, ana simu yako, na ana mdomo.

Pilipili_Kichaa
Wakuu mnajaza kurasa bure. Hii ni chai, tena ya tangawizi. Akaunti imefunguliwa jana. Askari gani anayebaki peke yake na mfungwa chumbani? Na anaandika kama mtunzi wa tamthilia, mara rangi ya maziwa, mara vifungo vitatu. Kwa maoni yangu huyu ni huyo "dada" mwenyewe, anapima upepo aone askari akibanwa anashauriwa nini.

Chuga_Boy
Aisee! Kumbe tumemfundisha mwizi njia.

Mahabusu_Wa_Zamani
Na mimi nimemwaga mbinu zote. Nimekwisha.

AskariMpya_Ziwa
Akaunti nimefungua jana kwa sababu ile ya zamani ina jina langu. Na wafumaji wengine wakitoka kwenda kula, yeye hubaki kumalizia. Ndiyo, ni kosa langu, niliruhusu. Mnataka niweke kitambulisho?

BwanaJelaMstaafu
Usiweke kitu. Niambie tu, Kiwira saa kumi na moja alfajiri kukoje?

AskariMpya_Ziwa
Ukungu, afande. Aliye mbele yako unamsikia buti tu. Na nguo ukifua Jumamosi unaivaa mbichi Jumatatu.

BwanaJelaMstaafu
Mwacheni. Huyu ni wetu.

Pilipili_Kichaa
Hata mimi najua huko Kiwira na Tukuyu kuna baridi, nilipita na basi. Chai.

AskariMpya_Ziwa
Wakati mnabishana kama nipo au sipo, ile namba imetuma elfu hamsini sasa hivi. Na ujumbe: "Ya dawa. Mbusu mtoto. Jumapili usisahau." Sijaomba. Naitoa au naiacha?

BwanaJelaMstaafu
Usiitoe, na usiirudishe mwenyewe, ukituma utaonekana mnafanya biashara. Kila laini siku hizi ina alama za vidole na jina la mtu, na la kwako limo humo humo. Usifute ujumbe hata mmoja. Kesho kabla ya zamu nenda kwa Mkuu wa Gereza, usimwambie rafiki wala mwenzako wa zamu. Anza na laki na ishirini, usianze na hii elfu hamsini, maana ukianza na hii utaonekana umeficha ile. Sikudanganyi, utaumia. Unaweza kushtakiwa kijeshi, TAKUKURU wakaitwa. Lakini simu haijaingia, na hiyo ndiyo tofauti ya kupata adhabu na kuvaa sare ya upande ule. Na ile sweta uende nayo kwenye mfuko.

AskariMpya_Ziwa
Sweta amelala nayo.

Shangazi_Nyakato
Usimwamshe, baridi. Asubuhi mvalishe nyingine. Na hujanijibu kuhusu baba yake.